Bunduki Rahisi na Bunduki Ghali

Wakazi wa Buxton na Mji wa Kale, kisiwani Mombasa, waliona wawindaji wengi wakipita kabla ya Kenya kupiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tarehe 21 Aprili 1909 aliteremka Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani. Katika mizigo yake zilikuwamo bunduki mbili zisizofanana hata kidogo: Winchester ya mtindo wa 1895, na Holland & Holland ya mitutu miwili, aliyotunukiwa na marafiki wa Uingereza.

Winchester ziliundwa kwa mashine, nyingi kwa kielelezo kimoja, ndiyo sababu ya urahisi wake. Mpigaji hushusha wenzo, yaani chuma kinachozunguka kifyatulio, akaurudisha, na risasi nyingine hupanda. Kisanduku chake huchukua nne. Risasi yake ya gramu 19 yamtosha simba. Lakini ni fupi na nene, haipenyi vema fuvu la ndovu. Holland hutupa risasi ya gramu 31. Ughali wake ni mkono wa fundi, airekebishaye mitutu yote miwili mpaka ipige mahali pamoja. Kazi hiyo haiharakishwi.

Mwaka huo huo, karibu na Mlima Kenya, Holland ilimwua ndovu kwa risasi mbili. Mara ndovu wa pili akatokeza kichakani, na mitutu ni mitupu! Roosevelt alikimbilia nyuma ya mti, akitia risasi upya. Aliyempiga mnyama yule hata akageuka ni R. J. Cuninghame, kiongozi wa msafara.