Shuka Kituo Kisicho na Barabara

Mgeni anayefika Ulaya, awe mwanafunzi aliyepata nafasi ya masomo au bibi aliyekwenda kumwona mjukuu, mara nyingi huishia mjini. Atapiga picha Paris, atazungushwa maduka ya London, kisha ataambiwa kwamba milima na maziwa ni ya wenye magari. Si kweli. Penye barabara pana na maegesho makubwa ndipo watu wanapojazana. Anayetaka utulivu atafute mahali ambapo gari halifiki lakini treni inafika, na mahali hapo papo.

Chukua Corrour, Uskoti. Kituo hiki kiko mita 408 juu ya usawa wa bahari, kwenye reli ya Glasgow kwenda Fort William iliyofunguliwa mwaka 1894, na hakuna barabara ya umma inayokifikia. Ya karibu iko kama kilomita 16. Ukitokea kusini, treni inavuka kwanza Rannoch Moor, nyika ya kinamasi na vidimbwi vyeusi. Wajenzi walipokosa ardhi ngumu hapo walitandika mizizi ya miti, matawi, udongo na majivu kwa maelfu ya tani, wakalaza reli juu yake. Mpaka leo treni inapita juu ya tandiko hilo. Unaposhuka Corrour na treni ikaondoka, unabaki na upepo, majani makavu ya nyika, na pengine kulungu wekundu wakikuangalia kwa mbali.

Njia ya changarawe itakufikisha Loch Ossian kwa chini ya nusu saa. Ufukweni kuna hosteli ndogo ya watembeaji, ambayo haifunguliwi mwaka mzima na hujaa upesi, kwa hiyo weka nafasi mapema. Kulizunguka ziwa ni kazi ya nusu siku bila haraka. Treni za mchana ni chache, lakini ipo pia ya kulala inayoondoka kituo cha Euston, London, kila usiku isipokuwa Jumamosi: unapanda mjini, unaamka milimani. Ningekushauri uende Mei au Septemba. Katikati ya kiangazi kuna usubi, wadudu wadogo wanaouma kwa makundi, na jioni isiyo na upepo hawamwachi mtu akae nje.

Norwei ina kituo cha namna hiyo hiyo, Finse, kwenye reli ya Oslo kwenda Bergen, mita 1,222 juu ya bahari. Barabara ya magari hakuna, barafu ya Hardangerjøkulen inaonekana kutoka kituoni, na theluji inaweza kukukuta hata Juni. Nchi ni ghali, ila kutembea nyikani ni haki ya kila mtu. Sheria ya mwaka 1957 inakuruhusu kupiga hema kwenye ardhi isiyolimwa, mradi uwe angalau mita 150 kutoka nyumba ya watu na usikae zaidi ya siku mbili bila ruhusa ya mwenye ardhi.

Mwenye mfuko mwembamba aanzie Luxembourg. Tangu mwaka 2020 basi, tramu na treni za nchi hiyo ni bure kwa wote, mwenyeji na mgeni; anayelipa ni yule anayetaka daraja la kwanza kwenye treni, au anayevuka mpaka. Kutoka mji mkuu, basi la Echternach huchukua kama saa moja, na ukishuka hapo msitu uko hatua chache tu. Njia ya Mullerthal, kilomita 112 zilizogawanywa katika mizunguko mitatu, inapita kati ya majabali ya mawe ya mchanga yaliyopasuka na kuacha vichochoro vyembamba. Kwingine inabidi upite ubavu. Kipande cha kutoka Echternach hadi kijiji cha Berdorf kinamtosha mtu wa siku moja, naye anarudi kwa basi. Nenda katikati ya wiki, maana Jumapili ya jua vichochoro hivyo vina foleni. Vaa suruali ndefu na ukague miguu jioni: misitu hiyo ina kupe, na baadhi yao huambukiza ugonjwa wa Lyme. Kupiga hema msituni ni marufuku.

Hifadhi ya Taifa ya Uswisi, iliyoanzishwa mwaka 1914, ni kali kuliko zote hizi. Huruhusiwi kuacha njia, kuleta mbwa, kuchuma ua, wala kulala kwenye hema. Kiingilio hakuna. Treni inakufikisha Zernez, na basi la manjano la posta linaendelea hadi milango ya hifadhi barabarani. Ukali huo ndio uliowatuliza wanyama. Mwishoni mwa Septemba, katika bonde la Trupchun, kulungu madume hunguruma wakigombea majike, nawe unawasikia ukiwa umekaa njiani.

Kinachowakwamisha wageni ni ratiba. Basi la kijijini si daladala: halisubiri kujaa, na likishapita huenda ndilo la mwisho. Tafuta kwanza basi la kurudi, ndipo upange safari ya kwenda. Soma alama ndogo chini ya ratiba, kwa sababu mabasi mengi ya mashambani hutembea siku za shule tu, na Jumapili hayaonekani kabisa. Nchini Ujerumani kuna hata mabasi ya kuitwa, yasiyokuja mpaka upige simu mapema. Saa huandikwa kwa mtindo wa saa 24, kwa hiyo 16:42 ni saa kumi na dakika 42 jioni, na Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba saa husogezwa. Piga picha ratiba ya kituoni. Mtandao wa simu hupotea upesi milimani.

Halafu kuna jua. Sisi tuliozoea kuliona likizama kwenye saa kumi na mbili mwaka mzima hudanganyika kirahisi. Uskoti mwezi Juni kuna mwanga hadi saa nne usiku, lakini Desemba giza linaanza kabla ya saa kumi na moja jioni. Beba tochi, koti la mvua na chakula, kwani kwenye njia hizi huwezi kutegemea kibanda cha chai. Namba ya dharura ni 112 katika nchi zote nne.

Norwei na Uswisi haziko katika Umoja wa Ulaya, lakini zimo Schengen pamoja na Luxembourg, hivyo viza moja inatosha. Uskoti inahitaji viza ya Uingereza. Pasipoti iwe mfukoni kila unapovuka mpaka, hata kwa treni, kwa kuwa polisi huweza kukagua ndani ya behewa. Viza ya Schengen hudai bima ya matibabu ya euro 30,000 au zaidi. Kabla ya kuinunua, uliza kama inalipia kuokolewa mlimani kwa helikopta.