Tangazo la Buruse Lisikukute Huna Faili



Kila mwaka ikifika Januari hali ni ile ile. Tangazo la Türkiye Bursları linazunguka kwenye simu, mtu anamtumia mwenzake, mwenzake anajibu "in shaa Allah", kisha wiki ya mwisho ndiyo watu wanaanza kukimbia. Huyu pasipoti imekwisha muda, yule jina lake kwenye diploma halifanani na la cheti cha kuzaliwa, mwingine mwalimu wake yuko Gitega na simu haipatikani. Tarehe 20 Februari mlango unafungwa, nasi tunasema haikuwa riziki yetu. Riziki ni ya Allah (SWT), hilo halina ubishi, lakini somo la tawakkul tulilofundishwa lina ngamia na kamba ndani yake.

Makala hii ni kwa ndugu na dada wanaotaka kusoma masta au udaktari nje kwa ufadhili, na hawana mjomba ofisini wala pesa ya kumpa dalali. Mimi ni mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu, kwa hiyo mifano mingi itatoka huko, lakini wa uchumi au wa uhandisi naye atapata chake.

Kwanza tujue kwamba kusafiri kutafuta elimu huku ukigharimiwa na wengine si jambo lililoanza na mabalozi. Al-Azhar, Cairo, wanafunzi wa kigeni walikuwa na riwaq zao, yaani makazi yao kulingana na walikotoka. Riwaq al-Jabart ilikuwa ya wanafunzi wa Pembe ya Afrika, kutoka Zaila na Uhabeshi. Walikaa pale na kupata mgao wa mikate kutoka mali za waqfu. Mwanahistoria mashuhuri Abd al-Rahman al-Jabarti, aliyezaliwa mwaka 1753, ni wa ukoo uliofika Misri kwa njia hiyo. Waqfu ule ulikuwa na masharti: nani apewe, asome nini, akae wapi. Mfadhili wa leo naye ana masharti yake, na kazi yako ya kwanza ni kuyasoma mpaka mwisho kabla hujaandika hata jina lako.

Sasa nije kwa mtu ambaye kisa chake nakipenda kuliko vyote katika jambo hili. Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1933. Baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na alitamani mwanawe aende Al-Azhar. Mzee alifariki mwaka 1947, kijana akiwa bado shuleni. Mtihani wa kumaliza sekondari ukampa daraja la tatu, na Makerere haikumchukua. Akawa karani katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ile iliyojulikana kwa jina la MIOME. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alitoa hotuba ya Maulidi pale, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwemo gavana wa Kenya, Sir Philip Mitchell. Hotuba ile ndiyo iliyomfungulia njia ya ufadhili wa serikali. Mwaka 1955 akaenda Huddersfield, Uingereza, kumalizia masomo ya sekondari. Baada ya hapo alipata shahada ya kwanza Manchester mwaka 1960, masta Columbia, New York, mwaka 1961, na udaktari Oxford mwaka 1966. Makerere iliyomkataa ikampokea baadaye kama profesa.

Wengine wanakisimulia kisa hiki kama bahati tu. Mimi nakisoma vingine. Gavana hakuonyeshwa alama za mtihani siku ile. Alimsikia kijana mwenye jambo la kusema na anayejua kulisema. Sisi hatuna gavana wa kuja kukaa mbele yetu siku ya Maulidi. Tuna barua ya kurasa mbili, na katika barua hiyo ndipo wengi wetu tunaanguka, si katika alama.

Hata hivyo tusidanganyane kuhusu alama. Türkiye Bursları wanataka angalau asilimia 75 kwa masta na udaktari, na umri usiofika miaka 30 kwa masta na 35 kwa udaktari. Hapo mwanafunzi wa Burundi anaumia, kwa sababu tumerithi mizani ya Kibelgiji, ambamo mwenye asilimia 70 anatazamwa kama hodari na walimu wengine huona 16 juu ya 20 kama zawadi ya Idi. Anayesoma faili lako Ankara au Lisbon hajui hayo. Ukiwa chini ya kima waliochoweka, usipoteze nguvu hapo. Peleka faili mahali wanapolisoma zima, na uombe fakulti yako ikuandikie barua fupi inayoeleza mizani yetu: alama ya kufaulu ni ngapi, na wewe ulikuwa wa ngapi kati ya wangapi. "Wa tatu kati ya wanafunzi 84" ni maneno yanayoeleweka dunia nzima. Asilimia 68 peke yake haielezi kitu.

Jambo la majina ni letu hasa Waislamu wa hapa. Mtu anaitwa Hamisi nyumbani Buyenzi, kwenye cheti cha kuzaliwa kaandikwa Hamissi, kwenye diploma Khamis, na jina la Kirundi mara liko mbele mara liko nyuma. Kwa afisa wa viza hao ni watu watatu. Kurekebisha kunachukua wiki nyingi, wakati mwingine miezi, na hakuna mfadhili atakayekusubiri. Fungua vyeti vyako leo, viweke mezani pamoja, usome herufi moja moja.

Kuhusu lugha, tuna nafasi ambayo hatuioni. Aliyesoma kwa Kifaransa anaweza kuomba chuo chake kimpe hati kwamba alifundishwa kwa lugha hiyo, na programu nyingi zinaikubali. Mitihani ya Kiingereza inalipiwa kwa fedha za kigeni, na kila mtu anajua ilivyo kazi kupata dola Bujumbura. Kwa hiyo kabla ya kulipa chochote, waandikie uwaulize kama wanakubali hati ya chuo, na kama ada ya maombi inaweza kusamehewa. Kuuliza si kuombaomba. Wakikataa, hujapoteza faranga hata moja.

Wapi pa kuomba? Sitaorodhesha yote. Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya inalipa euro 1,400 kwa mwezi kwa masta, na unasoma katika nchi zaidi ya moja. Nyingi hufunga kati ya Oktoba na Januari, yaani wakati sisi bado tunangoja Februari. Chuo Kikuu cha Afrika cha Umoja wa Afrika kina taasisi zake Kenya, Nigeria, Kamerun na Algeria, kwa Kiingereza na Kifaransa. Ndugu wengi hawakijui, nami naona ni mlango mzuri kuliko unavyosemwa. Ubelgiji kuna ARES, ambayo Burundi imo katika nchi zake, lakini wao wanataka mtu aliyekwisha kufanya kazi miaka miwili, kwa hiyo kaka na dada waliomaliza zamani wasidhani wakati umewapita.

Benki ya Maendeleo ya Kiislamu inastahili maneno ya pekee. Burundi si mwanachama wake, lakini tangu mwaka 1983 ina mpango kwa jamii za Waislamu katika nchi zisizo wanachama. Mpango huo ulijengwa juu ya qardh hasan: mwanafunzi anakopeshwa bila riba, na anachorejesha baada ya kupata kazi kinasomesha wengine katika jamii yake. Kwa hiyo si zawadi, ni deni, na deni tunajua uzito wake. Kuna pia matangazo yanayojiita ufadhili kumbe ni mikopo ya riba. Uliza maswali matatu kila mara: hii ni zawadi au deni, deni lina nyongeza au halina, na nikishindwa kumaliza nini kitanipata?

Usiweke tumaini lako lote mji mmoja. Kwa miaka mingi Waislamu wa Afrika Mashariki walikwenda Khartoum, hasa Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika. Vita vilipozuka tarehe 15 Aprili 2023, Kenya na Tanzania ziliwaondoa wanafunzi wao katikati ya masomo. Popote uendako, nakala za vyeti vyako ziwe zimehifadhiwa kwenye barua pepe na nyumbani kwa wazazi.

Turudi kwenye barua. Sentensi ninayoikuta katika rasimu karibu zote ni hii: "Naomba nafasi hii kwa sababu napenda sana elimu na nataka kuitumikia nchi yangu." Ni kweli, lakini kila mtu ameiandika. Linganisha na mfano huu nilioutunga: "Sheria ya familia ya Burundi ya mwaka 1993 inatambua ndoa iliyofungwa mbele ya afisa wa serikali. Katika tasnifu yangu nilitazama wanandoa wa Buyenzi waliofunga nikahi msikitini tu, na kinachompata mjane mume anapofariki. Nataka kusoma jinsi nchi nyingine zenye Waislamu wachache zilivyolitatua." Hapa kuna mtu, kuna mahali, kuna swali, na kuna sababu ya kwenda nje badala ya kubaki. Wa kilimo anaweza kuandika vivyo hivyo juu ya udongo wa Imbo, na wa afya juu ya kipindupindu cha kando ya ziwa.

Barua za mapendekezo zina mtihani wake. Mwalimu ana shughuli nyingi, anakwambia: "Andika mwenyewe, nitatia saini." Limezoeleka, lakini mtu kujitolea ushahidi kwa jina la mwingine si jambo la kulichukua kirahisi, na msomaji mzoefu hutambua barua mbili zilizoandikwa na mkono mmoja. Mpelekee mwalimu ukurasa wa nukta: somo gani alikufundisha, ulipata ngapi, ulifanya kazi gani iliyomfurahisha. Mpe wiki tatu. Mkumbushe kwa adabu, tena na tena. Nyukta hizo zitamwezesha kuandika ushahidi wake mwenyewe kwa nusu saa.

Na anayekuomba pesa akupatie buruse, mkatae. Maombi ya Türkiye Bursları ni ya bure na yanafanywa kwenye tovuti yao wenyewe. Dalali hana kiti cha kuuza pale.

Dada zetu wanaoogopa jibu la nyumbani, zungumzeni na wazazi kabla ya kuomba, si baada ya kukubaliwa. Mzazi anayeijua nchi, hosteli na jamii ya Waislamu ya huko miezi sita kabla anafikiri tofauti na yule anayeletewa tiketi.

Mwenye rasimu ya barua, hata ya nusu ukurasa, aje nayo kwenye kikao chetu cha Jumamosi baada ya Alasiri. Tutaisoma kwa sauti, tutaikata panapohitajika, na hatutacheka.

Wabillahi tawfiq.