KIFO KATIKA HADITHI FUPI: KINACHOTISHA NI NINI?

Mpenzi msomaji, wahenga walisema kifo cha wengi ni harusi. Je, kifo cha mmoja? Na kama huyo mmoja unamjua kwa jina, unajua hata namna anavyokohoa? Swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nakuomba twende pamoja mpaka mwisho, kwa maana makala haya ni somo, na mwanafunzi wa kwanza ni mimi mwenyewe.

Muhula wa pili mwalimu wetu wa Kiswahili alitutaka tuandike insha ya kutisha. Sisi wa Kidato cha Tatu tulifurahi si haba. Nilijaza kurasa nne. Kulikuwa na jumba bovu msituni, fuvu la kichwa lililocheka, na damu iliyotiririka kama mto Chania wakati wa masika. Maiti walikuwa watano. Nilitarajia alama 18. Kumbe nilipata 7 kwa 20, na chini yake maneno haya kwa wino mwekundu: "Maiti watano, na sikumjua hata mmoja."

Nilikasirika kweli. Nilidhani mwalimu hapendi hadithi za kutisha.

Kisha nyanya yangu akalazwa hospitalini. Ilikuwa wakati wa mitihani ya mwisho wa muhula. Kila nilipouliza habari zake niliambiwa, "Anaendelea vizuri, wewe soma." Basi nikasoma. Siku niliyomaliza karatasi ya mwisho nilipita kwenye mikahawa kama kawaida, ukungu umeshuka mpaka barabarani. Nilipofika nyumbani nilikuta viti vimepangwa uani na akina mama wa kanisa wamekaa wakichambua maharagwe. Walinisalimu vizuri tu. Hakuna aliyesema neno. Lakini maharagwe yale yalikuwa mengi mno kwa watu wa nyumba moja, na hapo nikajua. Nyanya alikuwa mochari kwa siku mbili, na mimi nilikuwa nikijibu maswali ya Jiografia.

Hapakuwa na damu wala fuvu. Hata hivyo sijawahi kuogopa namna ile maishani mwangu.

Baada ya matanga mwalimu aliniita, akanipa kitabu cha hadithi fupi, akasema nikimaliza niandikie chama. Kitabu chenyewe ni Secret Lives cha Ngũgĩ wa Thiong'o, kilichotoka mwaka 1975. Ngũgĩ alizaliwa mwaka 1938 huko Limuru, akafariki Marekani tarehe 28 Mei 2025. Kitabu ni cha Kiingereza, kwa hiyo haya ninayoeleza nayaeleza kwa Kiswahili changu. Kina sehemu tatu, na kifo kimo karibu kila mahali. Nimekilinganisha na hadithi za nyanya, nikapata mafunzo manne.

1. MSOMAJI AMJUE MTU KABLA HAJAFA

Maiti asiye na jina ni kama jiwe la barabarani. Tunaliruka tukaenda zetu. Katika hadithi ya "A Mercedes Funeral" anakufa mtu maskini aitwaye Wahinya. Mwandishi kwanza anatuonyesha maisha yake, ndoto zake na jinsi zilivyovunjika. Halafu sasa, kwa kuwa ni wakati wa uchaguzi, wagombea wanashindana ni nani atakayemzika kwa fahari zaidi, mpaka linaletwa jeneza lenye umbo la gari la Mercedes. Unacheka, kisha kicheko kinakukwama kooni. Mtu aliyekosa nauli akiwa hai anapewa gari akiwa amekufa! Kama hatungemjua Wahinya, jeneza lile lingekuwa kichekesho tu. Na sisi tunaotoka mazishini tukisifu chakula na kuhesabu magari, tujiulize.

2. MWENYE KUTISHA HUWA MTU WA KARIBU

Nyanya alipenda kutusimulia habari za zimwi, ambalo kwa Kikuyu huitwa irimũ. Zimwi hilo huja ngomani likiwa kijana mtanashati. Mdomo wake wa pili uko kisogoni, umefichwa na nywele. Angekuja na pembe, si wasichana wote wangekimbia? Hatari yake ni kwamba anapendeza.

Ngũgĩ anakwenda mbali zaidi, kwa sababu kwake zimwi halipo kabisa. Katika "A Meeting in the Dark" kuna John, mwana wa mhubiri, kijana anayesifiwa na kijiji kizima, anayejiandaa kwenda Makerere. Msichana Wamuhu ana mimba yake. John anaogopa baba, anaogopa kanisa, anaogopa watu watasema nini. Usiku wanapokutana anamsihi apokee pesa ili amtaje mwanamume mwingine. Anaongeza kiasi, anaongeza tena, huku mikono yake ikimkaba bila yeye kutambua anachofanya. Niliposoma hapo nilifunga kitabu. John si jitu. John angeweza kuwa mmoja wetu darasani, yule anayeshika nambari moja.

3. KIFO KIJE POLEPOLE

Kuna hadithi ya Wanjiru ambayo nyanya alinisimulia jikoni mara nyingi. Nilishangaa kugundua kuwa iliandikwa zamani, mwaka 1910, katika kitabu cha Mwingereza William Scoresby Routledge na mkewe Katherine kuhusu Wakikuyu.

Mvua ilikosekana miaka mitatu. Mganga akasema Wanjiru lazima anunuliwe, kila mtu alete mbuzi. Watu wakakusanyika, msichana akasimama katikati, akaanza kuzama ardhini. Alizama mpaka magotini. Akazama mpaka kiunoni. Akazama mpaka shingoni, na mvua ikaanza kunyesha. Alilalamika kuwa ni watu wake mwenyewe waliommaliza. Na kila mara ndugu mmoja alipotaka kumwokoa alipewa mbuzi, akarudi nyuma.

Ona ufundi wake, msomaji. Hakuna kisu, hakuna damu. Kuna magoti, kiuno, shingo, na mbuzi. Tunapata nafasi tatu za kusema "mwokoeni", na mara tatu hakuna anayemwokoa. Katika insha yangu watu watano walikufa kwa mistari kumi. Nani angepata muda wa kuogopa?

4. USIMTUPIE MZIMU LAWAMA HARAKA

Mwaka 1960 Mzanzibari Muhammed Said Abdulla alitoa riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale. Maiti anapatikana mahali panapoogopwa kwa mizimu, na wengi wanaamini ni kazi ya mizimu hiyo. Bwana Msa anachunguza na kuonyesha kwamba muuaji ni binadamu. Ngũgĩ naye katika "The Black Bird" anatupa familia inayoandamwa na vifo baada ya babu, aliyeingia Ukristo, kuchoma vifaa vya mganga. Je, ni laana au ni hofu ya laana? Mwandishi hatuambii, na kutojua huko ndiko kunakotunyima usingizi. Njia zote mbili ni nzuri. Iliyo mbaya ni ile niliyotumia mimi, ya kumwita mzimu kwa sababu hadithi imenishinda.

Tena vya kuandika tunavyo hapa hapa Nyeri. Mjini kuna kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti, aliyefariki tarehe 8 Januari 1941. Juu ya jiwe lake kuna duara lenye nukta katikati, alama ya skauti ya kusema nimerudi nyumbani. Na ni hapa Nyeri mwaka 1956 Dedan Kimathi alipohukumiwa kifo. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akazikwa katika kaburi lisilo na alama. Kati ya makaburi hayo mawili, ni lipi linalotisha? Jibu mwenyewe.

HITIMISHO

Hadithi ya Wanjiru haiishii shingoni. Kijana aliyempenda anasimama pale pale alipozama, naye anazama, anamfuata chini, anamrudisha mgongoni. Zamani nilidhani mwisho huo uliwekwa ili watoto walale. Siku hizi naona umewekwa kwa sababu mmoja alikubali kupita njia ile ile badala ya kusimama kando na mbuzi wake.

Nyanya hajarudi na hatarudi. Lakini niliandika insha upya. Maiti ni mmoja, na maharagwe yamo. Mwalimu alinipa 15, ila alama si kitu. Mama aliikuta mezani akaisoma yote akiwa amesimama. Mwishowe akasema, "Nilidhani nakulinda." Ndiyo mara ya kwanza tulizungumza juu ya siku zile mbili.

ZOEZI KWA WANACHAMA

(a) Andika kisa cha kifo chenye maiti mmoja tu. Usitumie neno damu, fuvu wala mzimu.
(b) Mwombe mzee wa kwenu akusimulie hadithi moja ya zimwi, uiandike kabla hujachelewa. Mimi nilichelewa nyingi.