Jike, Dume na Kinga ya Mwili: Mageuko ya Tofauti na Gharama Yake

Utangulizi

Makala haya yanachunguza swali ambalo limewashughulisha wanabiolojia kwa miongo kadhaa: kwa nini kinga ya mwili ya jike na ile ya dume hazifanani, ilhali wawili hao ni wa spishi moja na huandamwa na vijidudu vile vile? Kwamba tofauti ipo si jambo la kubishaniwa. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 na 2016 ulidhihirisha kwamba kifua kikuu kiliwapata wanaume zaidi ya mara mbili ya kilivyowapata wanawake. Sehemu ya pengo hilo hutokana na mwenendo, kama vile uvutaji wa sigara na tabia ya wanaume kuchelewa kwenda hospitalini. Hata hivyo, mwenendo hautoshi kueleza kila kitu. Mwaka 2020, uchambuzi wa visa zaidi ya milioni 3 vya UVIKO-19 kutoka nchi mbalimbali ulionyesha kwamba jinsia zote mbili ziliambukizwa kwa kiwango kinachokaribiana, lakini uwezekano wa mwanamume kulazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi ulikaribia mara 3 ya ule wa mwanamke.

Yapo pia maradhi ambayo mizani yake huelemea upande wa pili. Haya ni yale ambayo kinga huusahau wajibu wake na kuushambulia mwili inaoulinda. Takriban wagonjwa 4 kati ya 5 wa kundi hili ni wanawake. Kwa ugonjwa wa lupasi, wanawake ni 9 kwa kila mwanamume 1. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo, wakikusudia vijinga vya moto. Methali hiyo inaifaa vyema kinga ya mwili pia. Nadharia yoyote ya mageuko katika uwanja huu sharti ieleze mambo yote mawili kwa pamoja: ulinzi na moto.

Kromosomu na homoni

Mwanamke ana kromosomu X mbili. Mwanamume ana X moja na Y moja. Mwaka 1961 Mary Lyon alipendekeza kwamba katika kila seli ya jike X moja hunyamazishwa, ili jike asipate maradufu ya kile alicho nacho dume. Baadaye ilibainika kwamba unyamazishaji huo si kamili. Jeni iitwayo TLR7, ambayo kazi yake ni kutambua virusi vilivyopenya mwilini, imo katika kromosomu X, na katika baadhi ya seli za kinga za wanawake huendelea kufanya kazi katika nakala zote mbili. Ushahidi wenye uzito hutoka kwa wanaume wachache wanaozaliwa na X mbili pamoja na Y. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulikadiria kwamba hatari yao ya kupata lupasi ni takriban mara 14 ya ile ya wanaume wengine.

Homoni nazo zina mchango. Estrojeni, kwa jumla, huchochea utengenezaji wa kingamwili, ilhali testosteroni huupunguza. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba wanaume wenye testosteroni nyingi waliitikia chanjo ya homa ya mafua kwa unyonge kuliko wenzao.

Chimbuko la tofauti

Maelezo hayo yanajibu swali la namna, si swali la sababu. Kwa nini uteuzi asilia uliruhusu homoni inayodhoofisha kinga iendelee kutawala mwili wa dume? Mwaka 1992 Ivar Folstad na Andrew Karter walitoa hoja kwamba testosteroni hujenga misuli, pembe na manyoya ya kuvutia majike, na gharama yake hulipwa kwa kinga. Dume anayeng'aa licha ya gharama hiyo huthibitisha ubora wake. Mwaka 2002 Jens Rolff aliipanua hoja kwa kurejelea majaribio ya Angus Bateman ya mwaka 1948 kuhusu nzi wa matunda. Dume huongeza wazao kwa kupata majike wengi. Jike huongeza wazao kwa kuishi muda mrefu. Kwa hiyo anayefaidika zaidi kwa kuwekeza katika kinga ni jike. Inafaa ikumbukwe kwamba jaribio lenyewe la Bateman liliporudiwa na Patricia Gowaty na wenzake mwaka 2012 lilionekana kuwa na dosari, ingawa hoja ya Rolff haisimami juu ya nguzo hiyo pekee.

Kumbukumbu za matowashi 81 wa kasri ya wafalme wa Korea, zilizochambuliwa mwaka 2012, zilionyesha kwamba waliishi wastani wa miaka 70, yaani zaidi ya wanaume wa tabaka lao kwa miaka 14 hadi 19. Hata hivyo, umri si kipimo cha kinga moja kwa moja, na ushahidi huu hutajwa mara nyingi kuliko unavyostahili.

Mtihani bora zaidi umo baharini. Yupo samaki mwembamba mfano wa utete, jamaa ya farasi wa baharini, ambaye jike wake hutaga mayai ndani ya mfuko wa dume, na dume ndiye hubeba mimba. Iwapo ujike wenyewe ndio chanzo cha kinga imara, basi jike wa samaki huyu angekuwa na kinga bora. Olivia Roth na wenzake walipima, na katika matokeo yao ya mwaka 2011 kinga iliyochangamka zaidi ilikuwa ya dume. Matokeo haya yanaashiria kwamba kinachoamua si jina la jinsia bali mzigo wa kulea wazao.

Kwa binadamu mzigo huo umo katika mji wa mimba. Nusu ya jeni za mtoto hutoka kwa baba, hivyo kwa kinga ya mama mtoto ni nusu mgeni. Mwaka 1953 Peter Medawar alihoji ni vipi mgeni huyo hafukuzwi. Kinga ya mjamzito hurekebishwa. Philip Hench alieleza mwaka 1938 jinsi wagonjwa wengi wa baridi yabisi walivyopata nafuu wakiwa wajawazito, kisha maumivu yakarejea baada ya kujifungua. Mwaka 2019 Heini Natri, Melissa Wilson na wenzao walipendekeza kwamba kinga ya mwanamke iliundwa katika enzi ambapo sehemu kubwa ya utu uzima ilipita katika mimba na kunyonyesha; mimba zinapopungua, kinga hiyo hukosa kitu cha kuituliza. Nchini Kenya, wastani wa watoto kwa mwanamke ulishuka kutoka takriban 8 mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi 3.4 mwaka 2022. Kama nadharia hiyo ni sahihi, maradhi ya lupasi na baridi yabisi yatarajiwe kuongezeka nchini, na madaktari wa Kenya wangekuwa miongoni mwa wa kwanza kuyaona, ilimradi wayahesabu.

Tiba isiyotofautisha

Kuanzia mwaka 1977 hadi 1993 mwongozo wa Marekani uliwazuia wanawake wenye uwezo wa kuzaa kushiriki majaribio ya awali ya dawa. Mwaka 2008 utafiti kuhusu chanjo ya homa ya mafua ulibaini kwamba nusu ya dozi iliwapa wanawake kingamwili zinazokaribiana na zile ambazo wanaume walipata kwa dozi nzima.

Tukio zito zaidi ni la watoto. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo ya surua yenye nguvu kubwa kuliko ya kawaida kwa watoto wa miezi 6 katika maeneo yaliyoathirika. Iliwakinga dhidi ya surua. Lakini ufuatiliaji nchini Senegali, Guinea-Bissau na Haiti ulionyesha kwamba wasichana walioipata walikufa zaidi ya wenzao waliopewa chanjo ya kawaida, jambo ambalo halikuonekana kwa wavulana. Watoto hao walikuwa mbali na kubaleghe, kwa hiyo homoni za utu uzima haziwezi kulaumiwa. Baadhi ya watafiti walihusisha vifo hivyo na mpangilio wa chanjo nyingine zilizofuata, na mjadala haujafungwa. Chanjo iliondolewa mwaka 1992, kwa sababu tu waliokuwa wakihesabu vifo waliwaandika wasichana na wavulana katika safu mbili tofauti.