Kupanda Jiwe ni Hesabu

Kuna watu wapandao milima mikubwa kama Ruwenzori na Elgon kwa siku nyingi, na kuna wengine ambao mlima wao wote hauzidi kimo cha nyumba. Hawa wa pili hutafuta jiwe moja kubwa, la futi 10 au 20, pengine 30, wakachagua upande wake ulio mgumu kabisa, wakaupanda bila kamba. Njia fupi ya namna hiyo Waingereza huiita kwa neno lile lile walitumialo kwa swali la hesabu. Nami naona jina hilo ni la haki, ingawa wenzangu wengi hudhani kazi hii ni ya misuli tu, ama ni ya watu wasiojali roho zao.

Tuanze na msuguano. Twajua kwamba kiatu kikikanyaga mteremko, uzito wa mtu hugawanyika: sehemu moja hulikandamiza jiwe, na sehemu nyingine humvuta chini. Ikiwa kipeo cha msuguano baina ya mpira na jiwe ni 1, basi kiatu kitashika mpaka mteremko ufike digrii 45, na hapo kitateleza. Sasa mtazame mwanagenzi. Akiogopa, huliinamia jiwe na kulikumbatia. Mikono yake hupokea sehemu ya ule ukandamizaji, nayo miguu hupungukiwa. Kwa hiyo miguu huteleza kwa sababu ya woga wake! Asimame wima, ashikwe.

Lakini jiwe likisimama kama ukuta, sheria yageuka. Hapo kiwiliwili kikikaa mbali na jiwe huwa kama mkono wa wenzo, na vidole ndivyo vilipavyo gharama. Yafaa nyonga zisogezwe karibu na jiwe kabisa. Mtu asiyejua kuzitenganisha hali hizi mbili atachoka bure, hata awe na nguvu za fahali.

Aliyeifanya kazi hii iwe elimu ni Mmarekani John Gill, aliyezaliwa mwaka 1937. Katikati ya miaka ya 1950, alipokuwa mwanafunzi, alijifunza pia michezo ya viungo, na huko akauona unga mweupe wa magnesia ambao wachezaji hujipaka viganjani ili kukausha jasho. Akauchukua mpaka kwenye mawe, na leo wapandaji wa kila nchi wanautumia.

Swali lake lililo mashuhuri ni jiwe liitwalo Thimble, yaani kastabini ya mshonaji, katika vilima vya Black Hills, jimbo la South Dakota. Kimo chake ni kama futi 30. Chini yake palikuwa na ukingo wa kuzuia magari, hata mtu akianguka hangeangukia nyasi. Gill alikuwa afisa wa hali ya hewa katika jeshi la anga, mbali na jiwe hilo, huko Montana. Alifanya nini? Katika jumba la mazoezi palikuwa na vichwa vya bolti vilivyotokeza ukutani. Akawa anavibana kwa vidole, kama vile angevyobana vijiwe vya Thimble. Alipolirudia, alipanda sehemu ya chini akashuka, akapanda tena akashuka, mpaka akaijua kwa moyo. Mwaka 1961 akapita pale ambapo mtu hawezi tena kushuka, akafika juu.

Hapa ndipo nisipokubaliana na wasemao kwamba alicheza kamari. Mcheza kamari hajui karata ijayo. Gill alikwisha jibu vipande vyote alivyoweza kuvijibu karibu na ardhi, kikabaki kimoja tu. Hata hivyo sitaficha: kile kimoja kingaliweza kumvunja mgongo, na hakuna hesabu iwezayo kukiondoa. Siku hizi watu hutandika magodoro mazito chini ya jiwe, nami nawasifu.

Sisi hapa Teso mawe ya itale hatuyakosi. (Nyero yenye michoro ya watu wa kale yaachwe, viatu vitaifuta.) Jiwe letu liko nyuma ya uwanja wa mpira, futi 11, na chini yake tumemwaga mchanga kwa mikokoteni. Hakuna apandaye bila wawili wa kumdaka, mikono juu, wakiulinda mgongo na kichwa.

Gill alitunga pia kipimo chenye alama tatu. B1 ni ugumu uliolingana na hatua ngumu kabisa za wapandaji wa kamba wa wakati ule, B2 yaipita, na B3 ni njia iliyopandwa na mtu mmoja tu, wengine wakijaribu na kushindwa. Mtu wa pili akifaulu, alama hushuka. Napenda sana kipimo hiki, maana hakuna awezaye kujivunia B3 yake milele.

Jiwe letu bado halina alama. Kutoka kwenye ufa mpaka ukingo wa juu ni inchi 31, na mrefu wetu, akiwa amesimama kwa ncha ya kiatu cha kushoto, hufikia 29. Juma hili twajaribu kuuinua mguu wa kulia mpaka usawa wa kiuno kwanza.