Kinasa Sauti cha Kwanza cha Mpiga Udi

SWALI: Mimi hupiga udi na kuimba nyumbani, na fedha zangu ni haba. Je, ninunue kinasa sauti cha njia nne au cha njia nane?

JIBU: Bwana mpendwa, kabla ya kuhesabu njia, uliza kwanza jambo ambalo wauzaji aghalabu hulinyamazia, nalo ni idadi ya njia ambazo chombo chaweza kuzinasa kwa wakati mmoja, kwani kinasa sauti cha Tascam DP-008EX, kwa mfano, ijapokuwa kina njia nane, hunasa mbili tu kwa mara moja, jambo ambalo kwa mtu mmoja, apigaye udi, kisha akaimba, kisha akarudi kuongeza dumbaki, si dosari hata kidogo, ila kwa kikundi cha watu watano ni balaa. Chombo hicho pia hutoa umeme wa volti 48, ambao bila huo maikrofoni nyingi za kondensa hazitasikia hata mnong'ono wa udi wako.

Njia nne si unyonge: mwanamuziki Bruce Springsteen aliinasa albamu yake ya Nebraska, iliyotoka mwaka 1982, nyumbani kwake New Jersey kwa mashine ya Portastudio ya kaseti yenye njia nne. Lakini mashine hizo kuukuu usizitamani, maana mikanda yao ya mpira huoza, na mafundi wao ni adimu.

Rai yangu ni hii: nunua cha njia nane kilichotumika, nawe ukijaribu kila tundu na kila kitufe mbele ya mwenyewe kabla hujatoa fedha.