Nani Ametia Saini? Maswali ya Kawaida Kuhusu Katiba na Ofisi za Serikali ya Marekani

Wasemaji wengi wa Kiswahili wanaoishi Marekani, kuanzia Dallas hadi Portland, hukutana na Katiba ya nchi hiyo kwa mara ya kwanza wanapojiandaa kwa mtihani wa uraia. Hukariri tarehe na majina, hufaulu, kisha hukifunga kitabu. Tunawaomba wakifungue tena, kwa sababu Katiba hiyohiyo ndiyo inayoamua karatasi ya serikali iliyofika mlangoni ina nguvu kiasi gani, na mara nyingi jibu hutegemea aliyeitia saini. Maelezo haya ni ya jumla. Mwenye shauri lake amwone wakili aliyesajiliwa.

Katiba ya Marekani hubadilishwaje?

Kwa shida, na ilikusudiwa iwe hivyo. Iliandikwa Philadelphia mwaka 1787, na mpaka leo ina marekebisho 27 tu, ingawa mapendekezo zaidi ya 11,000 yamewahi kufikishwa bungeni. Kwa njia ya kawaida, rekebisho lazima lipate theluthi mbili ya kura katika Baraza la Wawakilishi na theluthi mbili katika Seneti, kisha liridhiwe, yaani likubaliwe rasmi, na robo tatu ya majimbo: 38 kati ya 50. Rekebisho la 27, linalohusu mishahara ya wabunge, lilipendekezwa mwaka 1789 na likakamilika mwaka 1992, baada ya mwanafunzi mmoja wa Texas kulifufua kwa kuyaandikia mabunge ya majimbo barua moja baada ya nyingine.

Je, ni kweli rais anaweza kuibadilisha kwa amri?

Uvumi huu unaeleweka, maana amri za rais hutangazwa kwa kishindo na huanza kutekelezwa haraka. Hata hivyo, rais hana nafasi yoyote katika utaratibu wa kurekebisha Katiba. Amri yake huwaelekeza watumishi wa serikali namna ya kutekeleza sheria, na ikigongana na Katiba, mahakama inaweza kuizuia.

Uraia wa kuzaliwa ni mfano ulio karibu na familia zetu nyingi. Rekebisho la 14, lililoridhiwa mwaka 1868 baada ya utumwa kufutwa, linasema kwamba aliyezaliwa Marekani na aliye chini ya mamlaka ya nchi hiyo ni raia. Mwaka 1898 Mahakama ya Juu iliamua kwamba Wong Kim Ark, aliyezaliwa San Francisco kwa wazazi Wachina wasio raia, ni raia. Januari 2025 rais alitia saini amri ya kubana haki hiyo kwa baadhi ya watoto, na mahakama kadhaa zikaizuia isianze kutumika.

Haki za Katiba ni za raia peke yao?

Baadhi, ndiyo. Kupiga kura katika uchaguzi wa taifa ni kwa raia tu, na hapa tunasisitiza: asiye raia akijiandikisha kupiga kura, hata kwa kutoelewa fomu, anaweza kujikuta hatarini kufukuzwa nchini. Kama si raia, na ukiulizwa kwenye ofisi ya leseni za udereva kama unataka kujiandikisha kupiga kura, jibu hapana.

Haki nyingine ni za kila mtu. Rekebisho la 5 na la 14 hutumia neno “mtu”, si “raia”, yanapokataza serikali kumnyima yeyote uhai, uhuru au mali bila kufuata utaratibu wa haki, yaani kupewa taarifa na nafasi ya kusikilizwa. Rekebisho la 14 pia linadai ulinzi sawa wa sheria, na kwa msingi huo Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1982, katika kesi iliyotoka Texas, kwamba shule za umma zisimkatae mtoto kwa sababu hana hati za ukaazi.

Afisa wa uhamiaji akibisha hodi na karatasi mkononi, nifanye nini?

Rekebisho la 4 linalinda nyumba dhidi ya upekuzi usio na msingi. Kwa muda mrefu mahakama zimeshikilia kwamba kuingia nyumbani kwa mtu bila ridhaa yake kunahitaji kibali cha hakimu, isipokuwa penye dharura. Mwombe afisa aipitishe karatasi chini ya mlango au aionyeshe dirishani, kisha isome taratibu.

Kibali cha hakimu huwa na jina la mahakama juu, anwani ya mahali panapohusika, na saini ya hakimu chini. Fomu iitwayo I-200 huweza kumchanganya mtu, kwa kuwa nayo imeandikwa kwamba ni hati ya kukamata. Lakini kichwa chake ni cha Wizara ya Usalama wa Ndani, na aliyetia saini ni afisa wa uhamiaji. Haikupita mbele ya hakimu wa mahakama. Unaweza kusema kwa upole kwamba huruhusu kuingia, na unaweza kunyamaza, kwani Rekebisho la 5 linakulinda usijishuhudie dhidi yako mwenyewe.

Hata ukiona haki yako inavunjwa, usimzuie afisa kwa nguvu, usikimbie, usiseme uongo, wala usionyeshe hati bandia. Usitie saini usichokielewa. Andika saa, majina na yaliyotokea, umpelekee wakili.

Mahakama ya uhamiaji si mahakama kama nyingine?

Hapana, si kama nyingine, na jambo hili huwashangaza wengi. Iko chini ya Wizara ya Sheria, kwa hiyo majaji wake ni watumishi wa serikali kuu, si sehemu ya mhimili wa mahakama. Katika kesi ya jinai, asiye na uwezo hupewa wakili na serikali, kama ilivyoamuliwa mwaka 1963. Katika kesi ya uhamiaji unaruhusiwa wakili lakini unamlipa mwenyewe au unatafuta shirika la msaada wa kisheria. Mkalimani wa mahakamani ni bure. Jihadhari na wanaojiita wataalamu wa fomu: kujaza fomu hakumfanyi mtu kuwa wakili.

Kwa nini ofisi ni nyingi, na nani anazipa mamlaka?

Bunge hutunga sheria kwa maneno mapana, kisha wizara 15 na wakala nyingi huandika kanuni, yaani maelezo ya utekelezaji. Wengi wa watumishi huajiriwa kwa sifa, si kwa kujuana. Utaratibu huo ulianza na sheria ya mwaka 1883, baada ya Rais Garfield kupigwa risasi mwaka 1881 na mtu aliyekuwa akidai kazi serikalini.

Kwa sheria ya mwaka 1946, kanuni nyingi lazima zitangazwe kwanza ili watu watoe maoni. Hata asiye raia anaweza kuandika, bila malipo, na ofisi inapaswa kuzizingatia hoja zenye uzito. Tungependa kuona jamii zetu zikiitumia nafasi hii zaidi.

Wazazi wetu wazee watafanyaje mtihani wa uraia?

Kwa maombi yaliyowasilishwa kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025, afisa huuliza maswali hadi 20 kutoka orodha ya 128, na kufaulu ni majibu sahihi 12. Mwenye umri wa miaka 50 na zaidi aliyekaa na grini kadi kwa miaka 20, au mwenye 55 na zaidi aliyekaa nayo kwa miaka 15, anaruhusiwa kujibu kwa Kiswahili bila kupimwa Kiingereza. Aliyefikisha miaka 65 na kukaa nayo miaka 20 husoma maswali 20 tu yaliyoteuliwa. Mkalimani katika usaili huu huletwa na mwombaji mwenyewe, kwa hiyo atafutwe mapema.